Hivi kuandika kumewashinda? Kwa nini siku hizi kila mtu anatuma voisi?

#1 MtotoWaTandika

Wakuu, salama?

Naomba tujadili hili bila matusi. Kundi la WhatsApp la ukoo wetu limegeuka redio. Mtu anataka kusema kikao cha harusi kimesogezwa, anatuma voisi ya dakika nne. Anaanza na salamu, anawataja wagonjwa wote, anakohoa, anamfokea mtoto anayechezea maji ya ndoo, ndipo dakika ya tatu anagusia siku yenyewe. Maneno matano yangetosha: "Kikao ni Jumapili saa tisa."

Na si wazee peke yao. Fundi friji, mwalimu wa mtoto, dalali wa vyumba, mchungaji, wote voisi. Ukimpigia hapokei, muda si mrefu anakutumia voisi: "Nilikuwa mbali na simu, sema."

Dai langu ni uvivu. Shule tulikwenda, kuandika tunajua, ila kupanga sentensi hatutaki. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Msomi_Njaa

Mvivu ni wewe wa kusikiliza. Weka spidi mara mbili. Baba mdogo atasikika kama katuni lakini Jumapili utaipata.

#3 FundiSimu_Kkoo

Mleta mada umeruka hesabu. Mimi natengeneza simu Kariakoo, na swali ninaloulizwa kuliko hata bei ya kioo ni "bando gani linakaa?"

Voisi ya WhatsApp inabanwa sana kabla ya kutumwa, dakika nzima haifiki hata nusu MB. Simu ya kawaida inakula dakika zako, na dakika ndizo zinazoisha mapema. Mtu kajiunga bando la siku, dakika zimekata saa tano asubuhi, MB bado zipo. Unadhani atafanya nini? Atabonyeza kimaiki.

Mmesahau Aprili 2021? Bei mpya za mabando zilitoka, watu wakapiga kelele, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikazisitisha hapohapo. Hapa mjini MB zinahesabiwa moja moja. Uvivu uko wapi? Huo ni mfuko unaongea.

#4 MtotoWaTandika

#3 mkuu, kama ni mfuko basi maandishi ni rahisi zaidi. "Kikao ni Jumapili" haimalizi hata KB moja. Kwa nini asiandike? Hapo hesabu yako imenikimbia.

#5 Shangazi_Mbeya

Macho, mwanangu. Macho.

Wewe bado kijana. Mimi herufi za simu nazisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Kidole kikilenga r inatoka t. Halafu ile simu ina kimbelembele cha kunisahihisha, naandika "nakuja" yenyewe inaniwekea neno la Kizungu silolijua, nafuta, inarudisha. Nikimaliza sentensi moja chai imepoa. Nikibonyeza kimaiki nasema yangu naondoka.

Na hizo salamu unazozilalamikia, ukiziondoa utasema tuna kiburi.

#6 Nyanza_Boy

Shangazi ameongea. Lakini kuna ya lugha pia. Mamangu yuko Siaya, lugha yake ni Dholuo na hakuwahi kufundishwa kuiandika. Kiswahili anaandika kwa taabu. Enzi za mulika mwizi, SMS zake zote zilikuwa "nipigie" na hapo alikuwa amemwomba jirani amsaidie. Mambo ya siri hangeweza kuniambia, si jirani atasoma?

Siku hizi ananitumia voisi kwa lugha yake. Ng'ombe gani ameshika mimba, nani ameuza shamba, askofu alisema nini. Nimejua habari za nyumbani ndani ya hii miaka michache kuliko nilizojua kwa muda wote niliokuwa Nairobi. Uvivu hapana, boss. Huyu mama alikuwa amefungiwa nje.

#7 Msomi_Njaa

Sawa, mama wa Siaya nimemkubali. Dalali wa vyumba wa Sinza je? Naye lugha yake haijaandikwa?

#8 BintiMarhubi

Mnazungumza kana kwamba kitu hiki kimezaliwa jana. Sisi Unguja voisi tumekua nazo, tofauti yake zilikuwa kwenye kanda.

Baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita watu wa asili ya Oman warudi, kaka zake bibi yangu walihamia Maskati. Barua zilikuwa zikichelewa, na simu ya nje ilikuwa shughuli ya kwenda kupanga foleni. Basi bibi alikuwa akinunua kanda tupu. Redio kaseti inawekwa katikati ya mkeka, sote tunakalishwa, anabonyeza vitufe viwili pamoja, cha kuchezea na cha kurikodi. Kila mtu asalimie, ataje jina lake, mtoto aliyehitimu juzuu asome kidogo. Mwishoni bibi mwenyewe, na hapo tunafukuzwa. Kanda inapewa msafiri. Ikirudi ya kwao, huja na udi na kitambaa, na jioni hiyo majirani wanajaa ukumbini kusikiliza.

Kwa hiyo baba mdogo wa mleta mada anafanya yaleyale, ila kanda yake haihitaji msafiri.

#9 Muscat_Ndani

#8 umenikumbusha mbali. Sasa sikilizeni sababu ambayo nyie wa huko hamuioni kabisa.

Huku Oman, na Falme za Kiarabu vilevile, simu ya WhatsApp imezuiwa, ya sauti na ya video. Ujumbe unapita na voisi zinapita. Ukibonyeza kupiga, inaita tu haifiki popote. Zipo programu zilizoruhusiwa, lakini ni mpaka na mwenzio wa Tanga aipakue na ajue kuitumia. Kwa hiyo kwetu voisi ndiyo simu yenyewe.

Wafikirieni mabinti wanaofanya kazi za ndani. Wengine simu wanaishika usiku tu, kazi zikiisha. Tofauti ya saa na nyumbani ni moja tu, lakini saa hiyo mama kalala. Binti anatuma voisi zake kwa sauti ya chini, mama anazisikiliza alfajiri akiwasha jiko na kujibu. Nimewahi kukaa na mmoja anayezihifadhi zote za mamake, hafuti hata ile ya "umeme umekatika, nitakwambia baadaye".

#10 Msomi_Njaa

Pole sana #9, hilo sikulijua.

Swali kwa mleta mada: baba mdogo naye yuko Muscat?

#11 MtotoWaTandika

Yuko Mbagala 😂 Na ana dakika, maana kwenye bia ananipigia bila shida.

#12 DagaaMwaloni

Hodi humu. Mimi niko soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Njooni alfajiri mnionyeshe mtu anayeandika. Mkono mmoja umeshika gunia, mwingine una magamba na maji, kioo kikilowa hakikubali kidole. Mwenzangu yuko kisiwani anakoanika dagaa. Anabonyeza kwa dole gumba: "Mzigo umekauka, leo zinashuka nyingi, leta bei." Anaachia.

Na niwape siri. Mimi simsikilizi yeye peke yake, nasikiliza na nyuma yake. Nikisikia injini ya boti na watu wanabishana bei najua mzigo upo kweli. Nikisikia televisheni na watoto, najua bwana yuko kwake kitandani ananidanganya. Angeandika ningejuaje?

Zamani bei ya kisiwani aliijua dalali mwenye boti. Alipanda usiku, akirudi anakuambia anachotaka yeye. Sasa tuko kundini wa Mwanza, wa Musoma, wa visiwani na wateja wa Kongo. Bei ikishuka upande mmoja, kabla hujanywa uji wote wanajua. Madalali wamebaki wanasema mtandao umeharibu biashara. Yao, labda.

#13 FundiSimu_Kkoo

#12 umetisha mkuu. Mikono! Mafundi gereji wateja wangu wote ni hivyo hivyo, simu ina girisi mpaka kwenye maiki.

#14 BukavuMoja

Bandugu, sisi wa Kongo ndio hao wateja, hapa kwetu dagaa ya Mwanza inakulwa kabisa 😀

Lakini naongeza jambo. Mnajua voisi utamu wake siku inapokosekana. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima. Na SMS pia. Ilirudi Januari 2019, wiki karibu tatu zilikuwa zimepita. Watu walirudi kwa redio, na hata RFI, redio ya Ufaransa, ilikuwa imezimwa. Hapa Bukavu ni karibu na Rwanda, mwenye kuweza alitafuta laini ya ng'ambo akaenda kusimama karibu na mpaka anashika mtandao. Ilipofunguliwa voisi ziliingia zote kwa mara moja, nyingine za watu ambao tayari tulikuwa tumeshakutana nao. Nilisikiliza mtu ananiuliza kama niko mzima, naye amekaa mbele yangu anakula.

#15 KampalaRoad

Uganda hawakukata siku hizo, walitutoza. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku ukitaka kuingia WhatsApp, Facebook na wenzao. Wengi walikimbilia VPN, zile programu za kukwepa kizuizi. Wasioweza VPN walifanya hivi: unalipa siku moja, unafungua, voisi zote zinaingia, unafunga. Kesho unazisikiliza bila kulipa, majibu utayatuma siku utakayolipa tena. Mwaka 2021 waliiondoa wakaweka asilimia 12 kwenye data yenyewe.

Kwa hiyo namuunga mkono fundi wa #3. Pesa kwanza, hayo mengine baadaye.

#16 Msomi_Njaa

Mimi nina nadharia bora. WhatsApp walipoanza waliweka voisi na simu kwa pamoja, watu wakajaribu vyote, simu ikashindwa kwa sababu inakulazimisha ujibu papo hapo. Voisi unajibu ukitaka. Watu wanakwepana, basi. Mengine mnapamba.

#17 FundiSimu_Kkoo

Chai hiyo #16. Havikuja pamoja. WhatsApp ilianza 2009 na maandishi. Voisi za kubonyeza na kuachia zikaja 2013. Kupiga simu ndani yake ni 2015. Video mwishoni mwa 2016. Maana yake voisi zilikaa karibu miaka miwili peke yake watu wanazizoea, simu ilipokuja ikakuta kiti kimekaliwa.

#18 Msomi_Njaa

Tarehe zako nazichukua. Lakini bado watu wanakwepana. Nani hapa hajawahi kuiangalia simu inaita mpaka inakata, halafu akatuma "nilikuwa mbali na simu"? Tujisemee ukweli.

#19 Shangazi_Mbeya

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#20 KimyaKimya

Nimesoma uzi wote kabla ya kuandika. Mimi ni kiziwi.

Kundi la wazazi darasani kwa mwanangu wako wengi tu, na mwalimu anatangaza kila kitu kwa voisi. Siku ya kufunga shule, sare ya michezo, mchango wa mtihani. Ninaona mistari ile ya mawimbi na dakika zake, 1:42, 0:58, 2:15. Chini yake wazazi wanajibu "sawa mwalimu", "asante", "nimeelewa". Mimi ndiye niliyebaki sijui tumekubaliana nini. Nikiuliza kwa maandishi, mara nyingi mtu ananijibu kwa voisi. Nacheka, maana nikikasirika sitapata jibu.

SMS ilipoingia nchi hii sisi tulisema sasa tumekuwa sawa na watu. Unaandika, unasomwa, hakuna anayejua kama unasikia au husikii. Kwa muda ule habari zilikuwa zetu wote. Sasa kila mnaposhangilia kwamba mama wa kijijini ameingia, na ni kweli ameingia na mimi namfurahia, mlango upande wangu unarudishwa. Video tunaitumia sana kwa lugha ya alama, lakini inakula bando na mwalimu hajui alama.

Sijaja kuomba huruma. Nimeona sababu zinatajwa nyingi na hakuna aliyetaja anayelipa gharama.

#21 MtotoWaTandika

#20 asante kwa kuandika. Mimi nilikuwa nalalamikia muda wangu tu.

#22 Nyanza_Boy

Hii imenigonga. Kundi letu la chama tuko na mtu hasikii vizuri na hatujawahi kufikiria. Nimemwandikia admini sasa hivi.

#23 Taa_Moyoni

#20 ndugu yangu, naandika kwa heshima maana mimi niko ng'ambo ya pili ya mto huo. Sioni. Simu yangu inanisomea maandishi kwa TalkBack, na Kiswahili inakisoma kwa lafudhi ya ajabu lakini namuelewa.

Linaloniua mimi ni picha. Mtu anachukua barua ya serikali ya mtaa, anaipiga picha, anaitupa kundini. Au tangazo la msiba lenye maua na maandishi ya rangi. Simu yangu inasema "picha". Basi. Nani kafa? Picha. Mazishi lini? Picha. Akitokea mtu akatuma voisi "jamani mzee fulani hatunaye, maziko kesho saa kumi Kinondoni" huyo kanikomboa.

Kwa hiyo ukisema voisi zipigwe marufuku utanifungia mimi. Ukisema zibaki umefungiwa wewe. Maandishi ya kawaida, yaliyochapwa, sote wawili tunayasoma. Lakini hapo shangazi wa #5 anabaki nje na miwani yake.

#24 KimyaKimya

#23 tungekaa kundi moja tungetafsiriana 😂 Wewe unisikilizie, mimi nikusomee picha.

#25 Taa_Moyoni

Nimecheka. Nitumie namba inboksi, sitanii.

#26 FundiSimu_Kkoo

Kuna kitu cha kugeuza voisi kuwa maandishi, WhatsApp walikitangaza Novemba 2024. Nilikifurahia nikafungua orodha ya lugha, Kiswahili hakimo. Zilikuwemo Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kirusi. Mamilioni yote haya tunaoongea hawajatuona.

Kompyuta kuelewa Kiswahili cha mtu anayekohoa ndani ya daladala kunahitaji sauti nyingi za mfano. Mozilla wana mradi wa Common Voice, unaingia unasoma sentensi za Kiswahili, zinabaki wazi kwa yeyote atakayetaka kutengeneza programu. Mwenye bando la usiku ajitolee.

#27 BintiMarhubi

Nimeingia humo nikasoma sentensi kadhaa. Ila sentensi zenyewe safi mno. Nani anaongea hivyo sokoni Darajani?

#28 Katibu_Namtumbo

Nimechelewa lakini naomba nafasi. Mnajadili voisi za ukoo, sisi huku Ruvuma voisi ndiyo gazeti.

Sababu yake ni hii. Wengi kijijini wananunua bando la mitandao ya kijamii kwa kuwa ndilo la bei nafuu. WhatsApp inafunguka, lakini mtu akileta linki, ukiibonyeza inazunguka tu haifunguki, maana iko nje ya bando. Habari ipo, unaona kichwa chake na picha ndogo, ndani huingii. Mtu anajiona ana intaneti kumbe amefungiwa chumba kimoja cha nyumba.

Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, mkulima anatakiwa ajisajili apate namba yake. Maswali hayaishi: usajili unahuishwa lini, mawakala ni wapi, bei elekezi ni ngapi. Matangazo yapo kwenye tovuti, watu hawayafikii. Basi mimi nanunua bando kamili, nafungua, nakaa chini ya mwembe pasipo na upepo, nasoma kwa voisi polepole. Namba nazirudia mara mbili. Wanaichezesha dukani, wanaichezesha kilabuni, mtu asiye na simu naye anasikia.

#29 Msomi_Njaa

Kwa hiyo wewe ndiye mtandao wao. Ukiugua malaria, kijiji kizima hakina intaneti.

Na ukisoma vibaya je? Au ukisoma unachokitaka wewe? Dalali wa #12 naye alikuwa hivyohivyo, mwenye boti ndiye mwenye bei.

#30 Katibu_Namtumbo

Swali zuri. Huwa natuma na picha ya tangazo lenyewe ili anayejua kusoma anisahihishe, na wananisahihisha kweli, mwalimu mmoja mstaafu haniachi hata nukta. Lakini si kila katibu anafanya hivyo, nakubali.

#31 Mweka_Hazina

Mimi kilio changu ni kamati za harusi. Mimi ndiye mweka hazina wa kudumu, sijui kwa nini, labda sura yangu.

Mtu anatoa ahadi kwa voisi. "Mweka hazina, mimi na mama watoto niandike, tutaona, si chini ya laki, Mungu akijalia." Nimwandike ngapi? Wakati wa kufuatilia anasema hakuahidi laki, alisema Mungu akijalia. Nirudi nyuma kuitafuta hiyo voisi katikati ya mia nyingine. Maandishi unaandika "laki" kwenye kutafuta, yanakuja. Voisi huwezi kuitafuta kwa neno. Lazima usikilize yote, na zote zinafanana kwa nje.

Hii ndiyo sababu nyingine ya watu kuzipenda, na hamjaitaja. Ahadi ya mdomo ina kona za kutokea.

#32 Nyanza_Boy

Lakini si voisi ni ushahidi pia? Ni sauti yake.

#33 Kanzu_Nyeusi

Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani. Uzito wake ni jambo jingine: imetunzwaje, imetoka simu gani, haijachezewa? Lakini Mweka_Hazina, tafadhali, usimpeleke mtu mahakamani kwa mchango wa kitchen party.

#34 Mweka_Hazina

Nilikuwa naulizia tu 😂

#35 Shangazi_Mbeya

Mimi voisi imeniokoa na matapeli. Zile SMS za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zilinifikia mpaka nikazizoea. Mwanangu akitaka hela sasa namwambia nitumie voisi, nisikie sauti yako. Asipotuma, hapati.

#36 FundiSimu_Kkoo

Shangazi, hapo kuwa makini. Programu za akili bandia sasa zinaiga sauti ya mtu kwa kusikiliza kipande kifupi tu. Na voisi za mwanao zimejaa kwenye makundi. Muulize kitu ambacho nyie wawili tu mnakijua.

#37 Shangazi_Mbeya

Yesu wangu. Haya, nitamuuliza kuku aliyemfukuza akiwa mdogo alikuwa wa rangi gani.

#38 Muscat_Ndani

Sasa umeiandika hapa, wote tunajua kuna kuku.

#39 KampalaRoad

Na uongo je? Mmekumbuka 2020? Kila kundi lilikuwa na voisi ya "daktari bingwa" asiye na jina, hospitali isiyotajwa, anashusha pumzi nzito, anasema chemsha hiki jifukize na kile. Angeandika tungeuliza jina lake. Lakini ile sauti ya mtu mzima, imechoka, ina huruma, watu waliamini.

WhatsApp walijaribu. Mapema 2019 walipunguza kufowadi iwe watu au makundi matano kwa mara moja, Aprili 2020 zile zilizozunguka sana zikawa moja moja. Ilipunguza kasi tu. Na kwa kuwa ujumbe umefungwa kwa siri kati ya mtumaji na mpokeaji tangu 2016, hakuna mtu wa katikati wa kusikiliza na kusema huu ni uongo. PesaCheck na Africa Check, wale wanaochunguza ukweli wa habari, wanafanya kazi nzuri, ila majibu yao yako kwenye linki. Rudi #28 uone linki inaishia wapi.

#40 DagaaMwaloni

Ndiyo maana nasema sikiliza nyuma ya sauti. Daktari gani hospitali yake ina jogoo?

#41 MtotoWaTandika

Wakuu, nimeanza na uvivu, nimeletewa bando, macho, lugha, kanda za Unguja, Oman, magamba ya samaki, kukwepana, kodi ya Uganda na ahadi za harusi. Baba mdogo nimemuuliza leo mwenyewe kwa nini hatuandikii. Amejibu kwa voisi. Ya dakika tano. Sijaimaliza.

#42 Msomi_Njaa

Ilete hapa tuisikilize sote.

#43 KimyaKimya

#42 andika kwanza alichosema 🙄

#44 MtotoWaTandika

#43 haki yako. Kwa kifupi anasema akiandika tunasoma kama amri, tunaona amekasirika. Akiongea tunasikia anatania. Na anasema yeye na kaka yake, yaani marehemu baba, waligombana kwa SMS moja iliyosomwa vibaya. Hayo mengine ni ya wagonjwa.

#45 Shangazi_Mbeya

Huyo mzee ana busara, mpe salamu.

FundiSimu, nina shida ya pembeni. Simu yangu inasema imejaa, kumbe ni hayo mavoisi. Nimezima kupakua picha na video lakini sauti bado zinaingia.

#46 FundiSimu_Kkoo

Voisi huwezi kuzizima shangazi, WhatsApp inazipakua zenyewe siku zote. Unachoweza ni kufuta. Ingia mipangilio, tafuta sehemu ya hifadhi, itakuonyesha kundi gani limekula nafasi kubwa. Fungua hilo, chagua voisi tu, futa. Usiguse picha.

#47 Shangazi_Mbeya

Nimefuta. Imekuwa nyepesi, asante sana.

Sasa picha za mjukuu wangu ziko wapi?

#48 FundiSimu_Kkoo

Shangazi usibonyeze kitu chochote tena. Nakuja inboksi.